Bunduki moja, kazi mbili

MSHIKA mbili, walisema wahenga, moja humponyoka. Methali hii ilinijia Jumamosi moja nikiwa sebuleni kwa mjomba wangu huko Amagoro, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Malaba, nikiwa nimemshikisha ufagio mrefu na kumwomba auweke begani huku amefumba macho.

Msomaji mpendwa, usicheke. Kisa chenyewe ni hiki.

Mjomba amestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi ya kupitisha mizigo ya watu mpakani. Muda huo wote starehe yake ilikuwa bao na redio. Mwaka jana binti yake anayeishi Nairobi alimpeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha, wakamkabidhi bunduki ya klabu na mwalimu wa kusimama nyuma yake. Zikarushwa sahani 25 hewani. Mjomba akapasua tatu. Tatu tu! Lakini aliyerudi Malaba hakuwa tena yule mzee wa bao.

"Mwanangu," akanipigia simu, "wewe ni mwandishi na kazi yako ni kuuliza. Niulizie bunduki moja nzuri, ya kupasulia sahani, na siku nyingine nipande nayo mlimani kutafuta kwale."

Basi nikauliza. Niliwauliza wachezaji, nikamuuliza fundi wa silaha, nikasoma sheria, kisha nikapanda matatu kutoka Busia kupitia Adungosi hadi kwa mjomba. Niliyoyapata nawaletea leo, kwani najua si mjomba peke yake mwenye swali hili. Siku hizi mchezo wa sahani unapendwa na watu wa kila aina, akina mama na wanafunzi wa vyuo wakiwemo.

Njiwa asiye na damu

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Zamani huko Ulaya na Marekani, matajiri walikuwa wakifungulia njiwa hai kutoka vikapuni na kuwapiga risasi wakiruka. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa hai walipigwa risasi. Lakini mwaka 1880 Mmarekani mmoja wa Cincinnati, George Ligowsky, alikuwa tayari ametengeneza sahani ndogo ya udongo ya kurushwa badala ya ndege. Ndiyo sababu hata leo sahani hiyo huitwa njiwa wa udongo, ingawa sasa hutengenezwa kwa unga wa chokaa na lami. Upana wake ni milimita 110 na uzito wake gramu 105 hivi. Mtambo huirusha kwa kasi, nawe una sekunde moja au mbili za kuipasua.

Kuna mchezo uitwao trapu, ambapo sahani hurushwa kutoka mbele yako na kukimbia kwenda mbali. Kuna mwingine uitwao skiti, ambapo sahani hutoka kwenye vibanda viwili, kushoto na kulia, na kupita mbele yako kwa karibu. Duru moja kwa kawaida ni sahani 25.

Bunduki inayotumika ni ile ya marisau, yaani ile ambayo katriji yake moja hubeba mamia ya punje ndogo za risasi. Punje hizo hutoka pamoja kama kundi la nyuki. Hulengi kwa risasi moja. Unalitanguliza kundi lile ili sahani ijiingize ndani yake.

Kwale wa mjomba

Upande wa pili wa ndoto ya mjomba ni kwale. Milima ya Teso, kule Kakapel penye michoro ya kale miambani, ina nyasi na vichaka ambamo kwale hulia alfajiri na jioni. Mtu aliyekulia huku hawezi kuisikia sauti ile bila kukumbuka utoto. Hata kware, wale ndege wadogo ambao Waluhya huwaita isindu na Wajaluo aluru, walikuwa wakitegwa na wazee wetu. Walisimamisha mlingoti mrefu, wakatundika vikapu vyenye kware wa kuimba, na chini nyasini wakatandaza vitanzi. Wimbo wa mfungwa uliwaita wenzake.

Ndugu msomaji, nyakati zimebadilika. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Kwa miaka mingi baadaye ndege kama kwale na kanga waliendelea kuruhusiwa kwa leseni na kwa misimu. Kisha ikaja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo inauhesabu uwindaji wa kujifurahisha kuwa kosa. Hata wale waliokimbilia kufuga kware wakati mayai yake yalipovuma nchini, miaka ya 2013 na 2014, walitakiwa kuwa na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Nilipomweleza mjomba hayo, alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu na kunyoosha kidole kuelekea magharibi, ambako malori yalikuwa yamepanga foleni kuingia Uganda.

"Na kule?"

Kule, mjomba, ni nchi nyingine. Uganda ilianza tena kuruhusu uwindaji wa kitalii kwa majaribio mwaka 2001, kando ya hifadhi ya Ziwa Mburo, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya nchi hiyo. Lakini huo ni uwindaji wa leseni, wa maeneo yaliyotengwa na wa malipo. Si ruhusa ya mtu kuvuka na bunduki begani kwa sababu kwale wa Tororo ni binamu wa kwale wa Teso. Kuitoa bunduki Kenya kunahitaji kibali cha Kenya, na kuiingiza Uganda kunahitaji kibali cha Uganda.

Hapa nataka niseme wazi na wasomaji wetu wa Busia na Malaba, mahali ambapo jina boda boda lilizaliwa kwa sababu ya watu kuvushwa mpaka kwa baiskeli. Sisi tumezoea kuvuka. Tunanunua sukari, vitenge na ndizi upande ambao bei ni nafuu. Tangu mwaka 2018, kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa, msafiri hushughulikiwa mahali pamoja badala ya pawili. Lakini silaha si sukari. Mjomba alikuwa ameshanong'onezwa na mtu kwamba "kuna bunduki nzuri, ya bei ya chini, haina maneno mengi." Bunduki isiyo na maneno mengi ndiyo itakayokupa maneno mengi mahakamani. Haina cheti, hujui ilitumika wapi, na siku ikikamatwa mikononi mwako historia yake yote inakuwa yako.

Hapa kwetu, mwenye kutaka silaha huomba cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Hueleza sababu, huchunguzwa mwenendo na afya ya akili, na cheti huhuishwa kila mwaka. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wachunguzwe upya. Kwa hivyo anza na cheti, kisha uende dukani, wala si kinyume chake.

Nyepesi au nzito?

Tuseme karatasi ziko sawa. Je, kuna bunduki moja inayofaa kazi zote mbili, sahani na kwale?

Jibu la wachezaji wote niliowauliza ni kwamba ipo, lakini utapoteza kidogo huku na kidogo kule. Sababu ni uzito. Mwindaji wa kwale hutembea tangu asubuhi hadi jioni, apande na kushuka, na pengine afyatue mara kumi tu. Yeye hutaka bunduki nyepesi, ya kilo tatu au chini ya hapo, inayopanda begani upesi ndege anapochomoka miguuni pake. Mchezaji wa sahani naye hatembei. Husimama mahali pamoja na huenda akafyatua mara 100 kwa siku. Bunduki nyepesi itampiga teke kila mara hadi bega livimbe. Yeye anahitaji bunduki ya kilo tatu u nusu au zaidi, yenye mitutu mirefu ya inchi 30 au 32, ambayo ikishaanza kuifuata sahani haitetemeki.

Mwenye kutaka ya katikati huchukua mitutu ya inchi 28 au 30 na uzito wa kilo tatu na robo hivi. Lakini kwa kuwa sheria yetu imekwisha kumpokonya mjomba kwale, nilimshauri asijisumbue na ya katikati. Anunue ya sahani.

Kuhusu aina, kuna yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ambayo wawindaji wa kale waliipenda. Kuna yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, ambayo ndiyo inayotawala viwanja vya sahani kwa sababu jicho hufuata mstari mmoja tu. Kuna inayojijaza yenyewe, ambayo teke lake ni la upole. Kwa mwanzilishi, mitutu iliyopandana ina faida moja kubwa: ukiivunja katikati, kila mtu uwanjani anaona kwa macho yake kama ina katriji au haina. Ile inayojijaza haisemi ukweli upesi hivyo.

Namba 12 ni ya nini?

Utasikia watu wakisema boa 12 au boa 20. Hesabu hii ni ya zamani na imepinduka: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Chukua ratili moja ya risasi, uigawe katika tufe 12 zinazolingana. Tufe moja ndiyo upana wa mtutu wa boa 12, kama milimita 18 na nusu. Ukiigawa mara 20, unapata boa 20. Kwa sahani, boa 12 ndiyo ya kawaida na katriji zake ndizo rahisi kupatikana. Boa 20 huwafaa wenye miili midogo, mradi bunduki yenyewe isiwe nyepesi kupita kiasi. Ile ndogo iitwayo 410 watu hudhani ni ya watoto na wanaojifunza. Sivyo. Punje zake ni chache, na mwanafunzi hukosa mpaka akakata tamaa.

Jambo jingine ni choku, yaani namna mdomo wa mtutu ulivyobanwa. Mdomo uliobanwa sana hulifanya kundi la punje liende mbali likiwa limeshikana. Mdomo wazi hulitawanya mapema. Kwenye umbali wa yadi 40, mtutu usiobanwa kabisa huingiza kama asilimia 40 ya punje ndani ya duara la inchi 30; uliobanwa kamili huingiza asilimia 70. Kwa skiti, ambako sahani iko karibu, tumia mdomo wazi. Kwa trapu, ambako sahani inakimbia mbali, banisha. Bunduki nyingi za siku hizi zina choku za kufungua na kubadilisha, kwa hivyo huna haja ya kununua mbili.

Katriji za sahani hubeba gramu 24 au 28 za punje ndogo, namba saba u nusu au nane. Mwanzilishi achukue gramu 24. Ndizo zitumikazo hata katika Olimpiki, na bega litakushukuru.

Lakini lipo onyo ambalo fundi alinirudia mara mbili, nami nalirudia kwenu. Usichanganye kamwe katriji za boa 12 na boa 20 mfukoni. Katriji ya 20 ikiingizwa kwenye mtutu wa 12 huteleza na kukwama mbele ambako huioni. Unadhani bunduki ni tupu, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa mbele. Ndiyo sababu viwanda vingi hutia katriji za boa 20 rangi ya manjano.

Ufagio begani

Sasa tunarudi kwenye ufagio. Bunduki ya marisau ni kama kiatu. Hata iwe ya bei gani, isipokutosha itakuumiza. Mtu wa bunduki ya risasi moja hutumia kilengeo. Mtu wa marisau kilengeo chake cha nyuma ni jicho lake mwenyewe. Shavu likikaa vibaya kwenye kitako, jicho limekaa vibaya, na punje zote zinakwenda kwingine.

Jaribio ni rahisi. Hakikisha kwa macho yako kwamba bunduki ni tupu. Tazama mahali fulani ukutani, fumba macho, ipandishe bunduki begani na shavuni kama ulivyozoea, kisha fumbua. Jicho linapaswa kuona utepe wa juu ya mtutu umenyooka hadi kwenye chembe ya mbele, na mtutu uelekee pale ulipotazama. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kufyatua pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukiona mgongo tu wa bunduki, kitako kiko chini mno. Ukiona kama umepanda ghorofani, kiko juu mno. Kikikwama kwapani ukipandisha, ni kirefu. Fundi anaweza kukipunguza au kukiongeza.

Jambo la pili ni jicho lenye nguvu. Nyoosha mikono, uunganishe viganja ubakishe tundu dogo, utazame kitasa cha mlango kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Sasa fumba jicho moja kwa zamu. Jicho ambalo bado linaona kitasa ndilo lenye nguvu. Mjomba hutumia mkono wa kulia, lakini jicho lake lenye nguvu ni la kushoto! Labda ndiyo sababu ya zile sahani tatu. Mtu kama huyo hujifunza kupigia bega la kushoto, au hufumba kidogo jicho la kushoto anapofyatua. Hakuna muuza duka atakayekwambia hayo ukiingia umeshika pesa mkononi.

Swali la mjukuu

Tulikuwa bado na ufagio wetu nilipouliza swali la mwisho katika daftari langu: bunduki italala wapi?

"Kwenye kabati langu," mjomba akasema bila kusita. "Lina kufuli. Ufunguo nauficha."

Mjukuu wake wa miaka minane, aliyekuwa sakafuni akisukuma gari lake la waya, akainua kichwa.

"Babu, ule ufunguo wa ndani ya birika kuukuu?"

Kimya kikatanda. Shangazi alisimama mlangoni na sinia la chai, asijue aingie au arudi.

"Umejuaje?" mjomba akauliza.

"Mimi huchukua peremende. Lakini huwa narudisha ufunguo."

Nimeandika mengi katika safu hii, lakini sijawahi kuona mahojiano yaliyokwisha kwa haraka namna ile. Mjomba aliuegemeza ufagio ukutani, akaketi, akamtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Hakumkemea. Alikunywa chai yake yote bila kusema neno.

Ukweli ni kwamba katika nyumba yenye watoto hakuna maficho. Watoto wana siku nzima ya kutafuta, na wewe ulikuwa na dakika moja tu ya kuficha. Wachezaji waangalifu huweka bunduki katika sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani, ikiwa tupu, na katriji katika sanduku jingine lenye kufuli lake. Ufunguo hukaa mwilini mwa mwenye cheti, si kwenye birika, si chini ya godoro, si kwa mke "endapo". Tena watoto hufundishwa kwamba wakiiona bunduki popote wasiiguse, waondoke hapo, wamwite mtu mzima. Gharama ya sanduku ihesabiwe pamoja na bei ya bunduki tangu mwanzo. Mtu asiyeweza kununua sanduku hajaweza kununua bunduki.

Vivyo hivyo uwanjani. Bunduki ibebwe imevunjwa na tupu, ijazwe tu ukiwa mahali pa kupigia, mdomo wake usielekee mtu hata kama una hakika haina kitu. Masikio yazibwe na macho yavalishwe miwani, kwa sababu vipande vya sahani hurudi.

Ikiwa utanunua iliyokwisha kutumika, na wengi wetu ndivyo tutakavyofanya, mpelekee fundi kabla ya kulipa. Aangalie ndani ya mitutu kama kuna kutu au mbonyeo, atikise maungio kama yamelegea, na apime urefu wa chemba. Katriji ya milimita 76 haifai kutiwa kwenye chemba ya milimita 70. Namba ya bunduki ifanane na iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Na mjomba je? Aliponisindikiza stendi alisema amepata jibu, ingawa si lile alilonituma. Mwaka huu ataendelea kupiga kwa bunduki ya klabu, chini ya mwalimu, kila anapokwenda kumwona binti yake. Siku atakapopasua sahani 15 kati ya 25 kwa bega la kushoto, ndipo atakapojaza fomu ya cheti.

Juzi alinipigia simu. Amefikisha tisa. Kwale wa Teso bado anawasikiliza asubuhi akiwa barazani, na anasema sauti yao haijapungua utamu. Sanduku la chuma limeshafungwa ukutani chumbani kwake, tupu, na peremende zimehamishiwa jikoni.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.